Vidonge Vilivyopewa Likizo

Baba yangu alikuwa kapita mgodini, upande wa Kambove, mkubwa wa kikosi kinachoshuka chini, na alipostaafu alirudi nyumbani kwetu Kikula na kofia ngumu, kikohozi na tabia ya kuamrisha. Kofia alimpa jirani mfuga njiwa, kikohozi kikaisha chenyewe, tabia ikabaki. Shida ilikuwa nani wa kuamrishwa. Mama alikuwa amekwisha kukataa tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao, na mimi, binti yao mkubwa ninayeishi nao, nina meza yangu ya vitenge sokoni, natoka asubuhi narudi jioni. Kwa hiyo mzee alipoambiwa dispanseri kwamba ana shinikizo la damu, sisi tunasema tansio, na kwamba atameza vidonge kila siku ya maisha yake yote, hakusikitika kama tulivyotazamia. Alikuwa amepata kikosi kipya.

Vilikuwa vya aina tatu. Kikubwa cheupe cha asubuhi alikiita fundi. Cha waridi cha jioni alikiita mlinzi, kwa kuwa kinafanya kazi watu wakiwa wamelala. Cha tatu kilikuwa kidogo, cheupe, kama kifungo cha shati la mtoto, na kazi yake ilikuwa kutoa maji mwilini. Mtu akikimeza asubuhi, haachi kwenda msalani mpaka jua lifike utosini. Hicho baba alikiita mkorofi, na hawakupatana tangu siku ya kwanza.

Baada ya chai alivipanga mezani, akavaa miwani, akapaza sauti. "Ekipi ya asubuhi, muko?" Akanyamaza kidogo kusubiri jibu. "Haya, tushuke." Navyo vikashuka, na kikombe cha maji nyuma yake. Wapita njia walidhani tuna wageni.

Kidonge kilichomletea kizunguzungu kiliadhibiwa. Juu ya kabati palikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga, lenye kifuniko, na kopo hilo alilipa jina la Buluo. Kwetu Likasi hata mtoto wa chekechea anajua Buluo kuna nini: kuna gereza kubwa. Baba alikuwa akikinyanyua kidonge kwa vidole viwili, anakisomea kosa lake, kisha anakitupa ndani na kufunga kifuniko. Mama alicheka, mimi nilicheka, na baba, ambaye siku zote alipenda kuwa na watazamaji, alizidisha hukumu.

Lakini vidonge hivyo havikuja nyumbani kwa mchezo. Kabla havijaja, asubuhi moja baba aliomba sukari na neno halikutoka. Alifungua mdomo, ukaenda upande. Akajaribu tena, ikatoka sauti ya mtu mwenye donge la bukari, ugali wetu, la moto kinywani. Siku kadhaa alikaa uani kwenye kiti chake, akituonyesha vitu kwa kidole, na machozi yakimtoka kwa hasira. Mama alisema kwa niaba ya wote wawili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakufurahia kuwa na neno la mwisho.

Ili uelewe hasara hiyo, lazima ujue baba yangu alikuwa nani mtaani. Kwetu, siku ya kuzungumza mahari, baba wa binti hasemi. Familia inaweka msemaji, porte-parole, anakaa mbele akikabiliana na msemaji wa upande wa pili, na wengine wote wananyamaza nyuma yao. Baba alikuwa msemaji wa nusu ya Kikula. Watu wa asili ya Kasai kama sisi, watu wa hapa hapa, familia zilizogombana hata juu ya ukuta wa choo, wote walikubaliana juu yake. Alikuwa na sauti nzito, haraka hana, na alijua kumsifu mkwe mpaka mkwe mwenyewe anaona aibu kutoa kidogo.

Sauti ilirudi. Muuguzi wa dispanseri, mama mmoja mfupi asiyependa utani, alimfunga kifaa cha kupimia mkononi na kumwambia ukweli. "Papa, mara hii sauti ilienda tu kutembea, ikarudia. Ukiacha binini, mara ingine itahama kabisa, na haitakuaga." Binini ndivyo tunavyoviita vidonge. Baba aliitikia kwa kichwa, mpole kama mwanakwaya. Tangu siku hiyo nilijua kilichokuwa mezani kila asubuhi pamoja na chai: ilikuwa sauti ya baba yangu.

Sasa siku moja nilitafuta chombo cha kuwekea karanga, nikanyoosha mkono nikachukua Buluo. Kopo lilikuwa zito. Nililitikisa, likalia kama njuga. Nilipofungua nikakuta gereza limejaa, na wafungwa wote walikuwa wa aina moja: mkorofi, mkorofi, mkorofi.

"Papa, hii ni nini?"

"Bile biko mu repo," alisema bila kuacha kunyoa ndevu.

"Repo ya nini?"

"Muntu anatumika siku sita, siku ya saba anapumuzika. Mungu njo alisema, haiko minye."

Alikuwa amekipa kidonge likizo. Kila Jumapili, kwanza. Kisha siku za kwaya, siku za mazishi, siku za mahari, na siku zozote ambazo mtu mwenye heshima zake anatakiwa kukaa mahali pamoja bila kunyanyuka. Maana kanisani kwetu ibada inaanza asubuhi na inaisha mchungaji akisikia njaa, na baba anakaa benchi la mbele na wazee. Anayetaka kutoka anapita mbele ya mimbari. Kwa baba, kupita hapo katikati ya mahubiri ilikuwa sawa na kushika kipaza sauti na kutangaza habari za kibofu chake. Mkorofi hakujua Jumapili ni nini, basi baba akamfundisha.

Nilipiga kelele. Mimi ni mwepesi wa hasira, sokoni wananijua, lakini kumpigia kelele mtu aliyezeekea kwenye mashine za mgodi ni kujichosha koo. Alimaliza kunyoa, akajipaka mafuta, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

Nikaona nibadilishe njia. Asubuhi iliyofuata nilijifunga kitambaa chekundu cha jikoni mkononi, nikasimama mbele ya meza yake.

"Papa, minye ni delege ya sendika."

Aliinua macho. Enzi zake za kazi hakuna kiumbe ambaye baba alimchukia kama delege wa sendika, yule mjumbe wa chama cha wafanyakazi. "Delege ya nani?"

"Ya binini. Biko na malalamiko. Kimoja kiko mu prison bila kosa."

"Nani alikuchagua?"

"Byenyewe."

"Basi bikuye bisemee hapa, mbele ya mukubwa." Aliviinamia, akavitazama kimoja kimoja juu ya miwani. Akasubiri. Mama naye, Mungu amsamehe, akasubiri. "Unaona? Hakuna malalamiko. Rudia ku soko."

Nilifungua kitambaa changu nikaenda zangu, nikiwaza kwamba kama sauti hiyo ikihama, itahama ikiwa na ujeuri wake wote.

Mambo yakachacha ilipofika zamu ya mdogo wangu. Mdogo wangu huyu ni binti wa marehemu kaka yake baba, tumelelewa nyumba moja, na alikuwa amepata mchumba Lubumbashi. Kwa kuwa si yeye aliyemzaa, baba ndiye angesema kwa niaba yetu. Hilo halikuwa na mjadala. Tatizo lilikuwa msemaji wa upande wa pili: mzee mmoja mnene, mwalimu mstaafu, ambaye sifa zake zilifika Likasi kabla yake. Walisema akikaa kitini hanyanyuki, na kwamba anapunguza mahari polepole mpaka kwenye kila mbuzi inabaki kamba tu.

"Yule muntu," baba alituambia, "ukitoka inje kidogo tu, ukirudia unakuta mutoto ameolewa kwa jogoo moja."

Kwa hiyo, siku ya mahari ilipokaribia, alivipanga vidonge vyote mezani na kuvihutubia. Alivishukuru kwa kazi. Alivitangazia likizo ya pamoja, fundi, mlinzi na mkorofi, tangu siku hiyo mpaka wageni wawe wamerudi kwao. Mkorofi kwa sababu inayojulikana. Wengine wawili kwa kuwa, alisema, kikosi kinashuka pamoja na kinapanda pamoja, na pia hakutaka kichwa kizito mbele ya mwalimu.

Nilisikia damu inanipanda mimi mwenyewe. Nilimwambia anaenda kumpoteza mdogo wangu na sauti kwa mkupuo mmoja. Nilimwambia atakaa hapo mdomo umekwenda upande, na mwalimu atamsaidia kumalizia sentensi. Hayo yalimuuma, niliyaona yakimuuma, lakini alikwisha kutoa amri na kapita harudishi amri.

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Na bantu ya pompe?" aliuliza. "Bale nabo ulikuwa unabapa repo?"



Mgodi wa chini, kwa ambaye hajakaa karibu nao, unaingia maji saa zote. Mwamba unatoa jasho mchana na usiku, na watu wa pampu wanayavuta kuyapeleka juu. Jumapili wapo. Noeli wapo. Hata wafanyakazi wakigoma, wakavunja na vioo vya ofisi, pampu zinaachwa zikiendelea, kwa sababu zikisimama mgodi unazama na hakutakuwa na kazi ya kugomea. Kaka yake mama alikuwa mtu wa pampu. Miaka yote ya utoto wangu sahani yake ya Noeli ilifunikwa kwa sahani nyingine, na yeye hakuwahi kufika kuila ikiwa moto.

"Pompe haisimamaka," baba alisema polepole.

"Sikukuuliza kama inasimamaka. Nilikuuliza kama ulibapa repo."

"Hapana."

Mama akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage, akaendelea na kazi yake. Baba alimnyanyua mkorofi, akampeleka kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anamtazama vizuri. "Kumbe haka njo muntu ya pompe," alisema. Akakimeza hapo hapo, na wenzake, bila hotuba.

Halafu, kwa kuwa hajui kufanya jambo nusu, alinyanyuka akalifuata kopo. Alitaka kuwaachilia wafungwa wote siku ile ile, wameze, wafidie zamu walizokosa! Tulilinyang'anyana lile kopo sebuleni, baba na binti, mpaka maharage ya mama yakamwagika, na nikalikimbiza dispanseri kama nilivyo, na kandambili moja mguuni.

Kikabaki kibofu. Pampu itafanya kazi, sawa, lakini mwalimu yuko mbele yake na hanyanyuki. Baba alikaa amejishika kichwa. Hapo ndipo nilipokumbuka desturi ambayo yeye mwenyewe ndiye mtaalamu wake: katikati ya mazungumzo ya mahari, upande wowote unaweza kuomba kwenda pembeni kushauriana, na upande wa pili haupewi ruhusa ya kuuliza mnashauriana nini.

"Papa," nilisema, "nani anakataza famiye kwenda pembeni?"

Akatabasamu vile alivyokuwa akitabasamu zamani, akirudi kutoka kazini na kitu amekificha nyuma ya mgongo.

Siku ya siku, turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vya plastiki pande mbili, zetu na zao, na katikati uwanja mtupu ambao hakuna mtu anayeuvuka. Baba alimeza vidonge vyake mbele ya mama, akafungua mdomo kuonyesha ulimi. Wageni wakafika. Mwalimu alikuwa mnene kweli, suti ya kijivu, kitambaa cha jasho mkononi, na akakaa kitini kama aliyemwagwa hapo kwa saruji.

Salamu zilipoisha tu, pampu ikaanza. Baba akasimama. "Famiye inalomba kwenda pembeni," akasema kwa sauti yake yote, na wanaume wetu wote wakamfuata nyuma ya jikoni, penye choo, wakasimama nje ya mlango na nyuso za kesi ya mauaji. Baba akarudi amepata nafuu, na usoni mwa mzee kama yule nafuu hiyo inafanana sana na uamuzi mkali. Alikaa bila neno. Wageni wakatazamana. Mwalimu akakohoa. "Tumeona uzito wenu," alisema, "tunaweka mbuzi wa mama."

Hatukuwa tumetaja mbuzi bado.

Mara ya pili, walipokuwa wakieleza kuhusu vitenge, baba alinyanyuka katikati ya sentensi yao. Aliporudi, vitenge vilikuwa vimekuwa vya wax halisi. Mara nyingine suti ya baba wa binti ikapata viatu. Kisha ukaja mfuko mzima wa chumvi, katika nyumba ambayo chumvi ilikuwa imepigwa marufuku. Mimi nilikuwa nikipitisha sinia la vinywaji, na ilibidi nijiume shavu mpaka nikasikia ladha ya damu. Mama alijifunika uso kwa kitenge, wageni wakadhani analia kwa kuachana na mtoto.

Ni sinia hilo lililonifanya nimwone mwalimu kwa karibu. Hakuwa amekunywa kitu. Glasi yake aliisukuma mbali, miguu ameikutanisha, jasho linamshuka nyuma ya masikio. Nilifikiri ni hofu ya baba yangu, nikafurahi.

Alisimama kujibu hoja ya mwisho. Alianza vizuri, Kiswahili safi cha darasani, hata baba aliinamisha kichwa kwa heshima. Halafu neno moja likachelewa. Akalirudia. Akalirudia tena, na sasa lilikuwa limepoteza mwisho wake. Kitambaa kikamwanguka mkononi. Watu wa upande wake walianza kupiga makofi, wakidhani ni uchungu wa kuposa umemshika, na mmoja akapiga na kigelegele.

Baba peke yake hakudhani kitu. Alisimama, na hakuomba kwenda pembeni. Aliuvuka ule uwanja wa katikati usiovukwa, akamshika mwalimu uso kwa mikono miwili, akamtazama mdomo.

"Weye," alimwambia, "uliacha binini?"

Mwalimu alimtazama. Mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu mpaka mfuko wa shati. Baba akatoa humo kikaratasi kilichokunjwa, akakikunjua mbele yetu sote. Vilikuwa vidonge vya asubuhi ile, na kati yao kimoja kidogo, cheupe, kama kifungo cha shati la mtoto. Alikuwa amekipa likizo. Wakwe walituambia baadaye kwamba alikuwa amesikia huko Lubumbashi habari za msemaji wa Kikula, kwamba ukitoka nje kidogo tu, ukirudi unakuta mbuzi wamekuwa ng'ombe.

Niliogopa sana. Yule alikuwa baba yangu kabisa, ila amevaa suti nyingine. Walimbeba kwenye gari lililowaleta, baba akaingia naye nyuma bila kualikwa, amemshika mkono, na gari likaondoka kwenda hospitali. Sisi tukabaki na wali, turubai na wakwe wasio na msemaji. Mdogo wangu alikaa chumbani na nywele zake zilizosukwa upya, akilia, na hakuna aliyejua kama ameposwa au hajaposwa.

Mwalimu alipona, kwa maana ya kuishi. Alikaa, alisimama, aliburuta mguu kidogo. Sauti ndiyo haikurudi. Madaktari walisema huenda ikaja vipande vipande, huenda isije. Baba alienda kumtazama kila siku, na kila siku alirudi ameishiwa maneno, jambo lililomtisha mama kuliko ugonjwa wenyewe. Na wakwe walipoleta habari kwamba wamepata msemaji mwingine, kijana hodari, baba aliwaka moto. Msemaji alikwisha kuwekwa, alisema. Yuko hai. Hakuna wa kukaa kwenye kiti chake.

Basi mahari ya mdogo wangu ikamaliziwa wodini. Viti viwili viliwekwa, kimoja kila upande wa kitanda. Baba alikaa cha kulia, akasema kwa niaba yetu. Kisha akazunguka, akakaa cha kushoto, akasema kwa niaba yao, na kwa sauti ya mwalimu hasa, Kiswahili cha darasani na vituo vyake vyote: wametoka mbali, wameona ua zuri katika uwanja huu, wanaliomba. Alimposa binti wa kaka yake mwenyewe, na aliposa vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia akiozesha. Mwalimu aliitikia au kukataa kwa kichwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikaa kusikiliza.

Tulipofika kwenye mbuzi wa mama, kichwa kikakataa.

Baba akahamia kiti cha kulia, akaeleza uzazi, ulezi, maziwa. Kichwa kikakataa. Akaeleza upya, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka muuguzi akachungulia. Kikakataa. Mwishowe baba akainama, akamwambia sikioni, lakini baba hajui kunong'ona, wodi nzima ikasikia. "Sikia, ndugu yangu. Ile mbuzi ni ya mukojo. Nilikuwa naenda kukojoa, ni ile tu."

Nusu ya mdomo wa mwalimu ikacheka. Halikutoka neno, ilitoka pumzi na sauti ya kukoroma, mabega yakitikisika na kitanda nacho, na baba akamshika asianguke. Alipomaliza kucheka akajifuta macho kwa mkono mzima, akatikisa kichwa. Mbuzi akaondoka. Viatu vya suti vikaondoka. Wax halisi ikaondoka. Baba yangu, na sauti yake yote, alinyolewa kavu na mtu asiye na neno hata moja.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na soko baba alisimama. "Yule njo porte-parole," alisema. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu nilipoota matiti, na akasema, "Naogopa, mwana yangu."

"Minye pia, Papa," nilimwambia, na kweli nilikuwa naogopa, na ninaogopa hata leo kila akichelewa kuomba sukari.

Harusi ilifanyika uani kwetu, chini ya turubai lile lile. Mwalimu alikuja na fimbo, akakaa meza moja na baba. Kabla ya hotuba baba alichomoa vidonge vyake mfukoni, mwalimu akachomoa vyake, wakavipanga mezani katikati ya soda. "Ekipi, muko?" baba aliuliza. Mwalimu akagonga fimbo chini kwa niaba ya vyote. Wakavimeza mbele ya wageni, mchungaji akiwemo, na baba akaanza hotuba ya familia zote mbili.

Hakufika mbali. Katikati ya sifa za bwana harusi alisita, akamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama yeye. "Famiye zote mbili," baba akatangaza, "zinalomba kwenda pembeni." Wazee hao wakanyanyuka pamoja, mmoja akimwegemea mwenzake, wakaelekea nyuma ya jikoni. Wageni wakanyamaza. Hata wapiga ngoma waliacha, kwa kuwa wote waliona kuna jambo zito linakwenda kuamuliwa.

Tulimsikia baba huko nyuma akisema peke yake, kama kawaida, anauliza, anajibu, anajibishana. Kisha ikaja sauti nyingine, nzito, imekwaruzika, inayovuta neno kama inalitoa chini ya mwamba.

"M... mbuzi."

Baba akatokea mbio kwenye kona ya jikoni, mkanda haujafungwa, mikono juu. "Anasema!" aliita mbele ya harusi nzima. "Mama, kuya usikie, anasema!" Na alikuwa analia kwa sauti, hajali nani anamwona.